Karavani ya Mkunga wa Mutshatsha

Wenzangu wa kwaya,

Tangu nirudi mmekuwa mkinivuta kando mmoja mmoja baada ya misa na kuniuliza huko Mutshatsha kulikuwaje. Kila mmoja nimempa kipande chake, na sasa nasikia vipande vimeshonwa vibaya. Yuko anayesema nimejinunulia nyumba yenye magurudumu, na yuko anayesema nilikwenda kumwangalia mama mmoja aliyerukwa na akili. Afadhali niwaandikie yote kwa mpigo mmoja. Mambo ya vibali na matayarisho nayaacha, hayana utamu. Naanzia barabarani.

Lubumbashi hadi Likasi

Nilisafiri na shemeji yangu Déo, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa pikapu yake. Kazi yangu mnaijua: napiga rangi magari pale karoseri, karakana ya mabodi aliyoniachia mume wangu. Déo yeye ni mtu wa usukani. Ukimwonyesha kijani na bluu jioni atakuambia zote ni nyeusi.

Aliyetuita ni mwalimu mmoja wa Kolwezi, Gaston, ambaye niliwahi kumtengenezea gari lake. Alisema mama yake ana karavani ya zamani kule Mutshatsha, kile kijumba cha kukokotwa na gari, kilichotengenezwa kwa faiba, ile tunayoiita fibre. Kimepakwa rangi juu ya rangi mpaka sura yake imepotea.

"Sitaki uipake rangi mupya, Mama Nathan," aliniambia kwa simu. "Nataka ile ilizaliwa nayo."

Maneno hayo yalinipendeza, kwa sababu fibre kweli huzaliwa na rangi yake. Bati la gari hupakwa rangi baadaye, kama mtu anavyovaa shati. Fibre nzuri ya zamani huwa rangi imechanganywa ndani ya tabaka lake la juu kabisa, na tabaka hilo ni ngozi. Ukiondoa mashati yote yaliyovalishwa juu yake kwa subira, ngozi unaikuta pale pale. Lakini ukimwaga dawa kali ya kuondolea rangi unaichoma, na ukitumia mashine unaipasua. Ni kazi ya mkono, ndoo ya maji na msasa.

Basi tulipakia misasa ya kila aina, nta, ndoo, vitambaa, na blanketi mbili maana kiangazi kilikuwa katikati na baridi ya asubuhi ilikuwa inauma. Likasi tulisimama kunywa chai na kula mikate ya moto ya mama mmoja aliyekaa karibu na gereji. Déo alikula mingi, akasema safari ndefu hailiwi nusu. Baadaye alilala kwenye usukani kidogo, nikaanza kumwimbia sehemu ya sauti ya tatu mpaka akaamka kwa hasira. Kwa hiyo msiseme sikufanya mazoezi.

Fungurume

Kabla ya Fungurume malori yalikuwa yamesimama mkia mrefu usioonekana mwisho. Lori moja la madini lilikuwa limelala ubavu barabarani. Dereva alikuwa mzima, amekaa juu ya tairi, anaangalia mikono yake. Watu walisema winchi inatoka Likasi. Wengine walisema inatoka Kolwezi. Haikutoka popote kwa muda mrefu sana.

Pale pale wafanyabiashara wa Fungurume walitufuata na masufuria yao, maana njaa ya barabarani wanaijua kuliko sisi. Tulinunua ugali wa bukari, majani ya sombe na dagaa wa kapenta kwa mama aliyebeba jiko lake juu ya toroli, tukakaa kwenye kivuli cha lori la Mtanzania aliyekuwa anasubiri kama sisi. Alitukaribisha kwenye mkeka wake na kututilia chai ya tangawizi. Alikuwa mtu mpole mwenye mvi chache. Akamuuliza Déo, kwa adabu, mimi ni nani.

"Huyu ni bibi ya ndugu yangu," Déo akajibu. "Ndugu yangu alikufa."

Yule dereva akanitazama vizuri, kisha akamtazama Déo.

"Pole sana. Na ndugu yako alikufa akiwa mdogo?"

"Hapana, alikuwa mukubwa. Alinipita."

"Alikupita wewe," akarudia polepole. Akanitazama tena. "Mungu amemjalia bibi. Kwetu bibi wa umri huo hatembei hata mpaka sokoni."

Nilihitaji muda kuelewa. Kwetu bibi ni mke. Kwao bibi ni mama wa mzazi wako. Mtu huyo alikuwa ameamini kwamba nimemzaa mzazi wa Déo na wa mume wangu. Nilipomweleza aliona haya mpaka akashindwa kumeza chai. Akatupa machungwa mfuko mzima kama fidia. Déo hajaacha kuniita bibi mpaka leo, na anaitamka kwa lafudhi ya Tanzania.

Winchi ilifika jua likiwa limeshuka. Tuliingia Kolwezi kwa foleni, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye kope.

Dilala

Gaston anakaa Dilala, katika nyumba moja ya zile za zamani za kampuni, zenye ua mpana mbele na bomba la maji ambalo hutoa maji likitaka. Pikipiki za mawewa, wale madereva wa kubeba abiria, zilikuwa zinapita mlangoni mfululizo, tukawa tunaongea kwa kusubiriana nazo. Mke wake, Béa, alitupokea na maji ya moto ya kuoga. Mungu ambariki.

Baada ya chakula Gaston alitueleza habari ambayo hakuisema kwenye simu.

Karavani ililetwa zamani na mhandisi mmoja mgeni, akaiacha parokiani alipoondoka. Mapadri wakampa Mama Monique, mama yake Gaston, aliyekuwa mkunga. Kwa miaka mingi gari la parokia lilikuwa linaikokota kutoka kituo hadi kituo kando ya reli, naye akizalisha humo ndani. Baadaye ikapita vita, wanajeshi wakaipaka kijani. Vijana wa kanisa wakaipaka nyeupe. Mwishowe mtu mmoja akaipanga kwa kuuzia vocha za simu, akaipaka nyekundu. Sasa imesimama nyuma ya nyumba ya mama huko Mutshatsha, na mama hataki kuiacha.

"Mi nataka akuye kukaa hapa," Gaston alisema. "Anasahau, Mama Nathan. Mara mbili aliacha jiko ya makala inawaka mu chumba, akafunga mulango, akalala. Jirani njo alimutoa. Nikimwambia, anasema haikutokea."

"Na karavani?"

"Anasema hawezi kuondoka bila yake. Basi tuilete. Itakaa pale." Akaonyesha ua. "Lakini kuko kitu ingine."

Alingoja wewa mmoja apite.

"Maman anasema ilikuwa bluu. Kila siku anasema bluu. Muzee mumoja wa reli kule, Tata Kasongo, anasema ilikuwa rangi ya maziwa. Na batu bengine ba zamani banasema vile vile, maziwa. Mi nilikuwa mutoto mudogo, sikumbuki. Weye utaona yenye iko chini. Kama si bluu, basi nitajua kichwa ya maman imeenda mbali kuliko nilizania."

Béa alimwambia, "Gaston, rangi si dawa ya kupima mutu."

Nami nilikwenda kulala na uzito ambao sikutoka nao Lubumbashi. Nilikuja kukwangua karavani, na sasa nilionekana nimepewa kichwa cha mama wa watu nikikwangue pia.

Njia ya Mutshatsha

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Gaston alifuatana nasi, amebanwa katikati yangu na Déo. Baada ya lami kwisha ni mchanga, mashimo, na mchanga tena. Watu wa makala, wauza mkaa, walikuwa wanakuja kinyume chetu na baiskeli zilizobebeshwa magunia marefu kuliko wao, wanazisukuma kwa bega. Kila tukiwapita Déo alipunguza mwendo ili asiwamwagie vumbi, na kila mmoja aliinua kidole kimoja kushukuru, maana mkono mzima hauwezi kuachia.

Mutshatsha tulifika mchana. Watu walikuwa wamesikia kwamba fundi wa rangi anatoka Lubumbashi, na baadhi walikuwa wamekaa uani kwa Mama Monique kumngoja. Déo aliposhuka wakamkimbilia. Wakampa kiti, wakampa maji ya kunawa, wakampa karanga za kuchemsha. Mimi hakuna aliyenitazama. Nilishusha ndoo zangu mwenyewe.

Mzee mrefu, mnyoofu kama mlingoti, ambaye baadaye nilijua ndiye Tata Kasongo, akamuuliza Déo, akimwita tata kwa heshima: "Tata fundi, unaonaje hii kazi? Ni ya nguvu?"

Déo alitafuna karanga, akatazama karavani kwa uso wa daktari.

"Ni nyekundu," akasema.

Ndipo Mama Monique alipotoka ndani. Ni mama mfupi sana, kichwa chake hakinifiki begani, na mimi siyo mrefu. Alinitazama mikono. Mnajua mikono yangu, rangi haitoki kwenye kucha.

"Fundi ni huyu," akawaambia. Akanishika kiganja. "Karibu, mama. Ulikula?"

Mutshatsha

Karavani yenyewe niliipenda nilipoigusa. Ni ndogo, ya mviringo kama yai lililolazwa, imeundwa kwa vipande viwili vya fibre, cha juu na cha chini, vikakutanishwa katikati. Pale vinapokutana umezungushwa mkanda wa alumini. Nyekundu ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Sehemu ya chini ilikuwa imeteseka zaidi: mawe ya barabarani, masitiki ya kuziba mashimo, rangi ya msingi ya kijivu nene kama lami, na taa za nyuma zilikuwa zimeng'olewa na matundu yake kuzibwa.

Fundi akitafuta rangi ya kwanza huenda mahali ambapo jua na mikono havifiki. Nilitoa raba ya dirisha moja, nikalowesha msasa, nikaanza kusugua polepole kwa kidole. Nyekundu ikaondoka, ikaja nyeupe ya vijana. Ikaja kijani ya wanajeshi. Halafu kidole kikaanza kuteleza, jinsi kinavyoteleza ukifika kwenye ngozi yenyewe, na nikafuta kwa kitambaa.

Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana.

Nilijaribu dirisha la pili. Nilipanda ngazi nikajaribu pembeni ya tundu la hewa la paa. Maziwa, maziwa. Mama Monique alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua majani ya matembele, hakuwa ananitazama. Gaston alikuwa ananitazama kila sekunde.

"Ni nini?" akauliza.

Ningeweza kusema nangoja bado. Lakini Tata Kasongo alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yake ni mazuri.

"Ah, mi nilisema," akasema, bila ubaya wowote. "Maziwa."

Mama Monique aliacha kuchambua. Akaja, akainua uso kutazama lile duara dogo kando ya dirisha.

"Haikuwa bluu?" akaniuliza mimi.

"Hapa si bluu, mama."

"Basi mi niko mwongo."

"Hakuna mutu anasema uko mwongo, maman," Gaston akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ile ya kumsemesha mgonjwa, na mama yake aliisikia. Alirudi ndani. Matembele yalibaki kwenye ungo. Jioni hakula. Déo alimpelekea chungwa la mwisho la Mtanzania, akalipokea, akaliweka dirishani.

Bado Mutshatsha

Siku iliyofuata niliendelea kusugua sehemu ya juu, kwa kuwa kazi ni kazi. Watu walipita na kunionea huruma. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba rangi huwa inapakwa, haikwanguliwi, na kama nimesahau rangi yangu Lubumbashi, dukani kwa shemeji yake iko ya mafuta. Nilimshukuru.

Gaston alikuwa ameanza kupanga vitu vya mama yake kwenye masanduku. Hakumwuliza kipi kinaenda na kipi kinabaki.

Alasiri Mama Monique alitoka na ndoo yake mwenyewe na kitambaa. Akapiga magoti karibu na gurudumu, akaanza kuosha karavani chini, juu ya ile nyekundu chafu. Nilimwambia aache, nitaosha mimi.

"Mi njo nilikuwa naosha," akasema. "Kila mara mutoto akizaliwa. Mama analala, bandugu yake banamushika mutoto, mi natoka inje na ndoo. Mayi ilikuwa inamwagika ku mulango, damu inashuka hapa." Alipitisha kiganja kutoka kizingiti cha mlango kuteremka. "Sikutaka batu ba kijiji baone damu asubui. Nilikuwa napiga magoti, naosha mpaka inangaa. Naosha bluu. Ni bluu nilikuwa naosha, mama."

"Na juu, nani alikuwa anaosha?"

Akanishangaa. "Juu? Nafika wapi juu? Juu ilioshwa na mvua."

Nilibaki nimeshika msasa. Wenzangu, mimi ni fundi wa miaka mingi, na nilikuwa nimetafuta rangi ya kitu chenye vipande viwili kwenye kipande kimoja tu, kwa sababu kile cha chini kilikuwa na masitiki na kazi yake ngumu.

Nilimwita Déo na bisibisi. Mkanda wa alumini ulikuwa umeshikwa na skrubu zilizoota kutu, nyingine zilikatika vichwa. Tuliubandua kwa kisu cha mezani, kidogo kidogo, ili usipasue fibre. Nyuma ya mkanda hapakuwahi kufika masitiki wala brashi ya mwanajeshi. Palikuwa na utepe mwembamba ambao haujaona jua tangu siku ya kutengenezwa. Niliupangusa vumbi.

Nusu ya juu ya utepe ilikuwa maziwa. Nusu ya chini ilikuwa bluu, bluu ya anga la asubuhi ya kiangazi kabla moshi wa mashamba haujapanda.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Mama, kuya utazame." Gaston alitoka ndani akiwa na blanketi ya mama yake mkononi, nusu imekunjwa. Tata Kasongo naye aliitwa, sijui na nani.

Mama Monique aliweka kidole chini ya mstari, akakipeleka taratibu mpaka kona, akarudi nacho. Hakucheka wala hakulia. Tata Kasongo aliinama kutoka huko juu alikokuwa, akasema kana kwamba anajitetea mahakamani, "Mi na bale bengine tulikuwa ku kibanda ya reli, juu ya ngazi. Kutoka kule unaona juu tu. Ilikuwa maziwa."

"Hata weye hukudanganya, tata," Mama Monique akamjibu.

Kisha akamgeukia mwanawe. Gaston alikuwa ameanza kusema kitu, nadhani kuomba msamaha, lakini mama alimwahi.

"Rangi nakumbuka," akasema. "Makala nilisahau. Nilikukatalia, lakini najua nilisahau. Niliamuka nikaona jirani ananivuta, na sikujua juu ya nini. Nilikuwa na woga kusema. Nilizania nikisema moja nimesahau, utaniambia na bingine byote sikubijua."

Gaston alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake nzuri. Blanketi ikawa imewaangukia miguuni.

"Nilikuwa nakupima, maman," akasema. "Na hii karavani."

"Najua. Ulikuwa unaangalia kama vile unasahihisha mutihani." Akaiokota blanketi, akaikung'uta. "Hii itaenda. Ile sanduku ya masufuria itabaki. Ulizipanga bila kuniuliza."

Kazi ya chini ilikuwa ndefu. Masitiki ilitoka kwa kucha zaidi kuliko kwa msasa. Habari ilikuwa imezunguka, wakaanza kuja watu waliozaliwa humo ndani, wanaume na wanawake wazima, mmoja ana wajukuu tayari, wanataka kusugua kipande. Nilikuwa nawapa msasa laini na kuwakalia kichwani, maana mwenye mapenzi husugua kwa nguvu na nguvu hutoboa ngozi. Yule mama wa rangi ya mafuta alikuja pia, akasugua kuliko wote.

Karibu na mlango, pale alipokuwa anaosha, bluu ilikuwa imelika mpaka nyuzi za fibre zinaonekana. Nilichanganya utomvu wa kutengenezea fibre na rangi ya bluu niliyokuwa nayo kujaza. Nilijaribu mara nyingi, haikulingana. Kiraka kilibaki cheusi kidogo kuliko pengine. Nilikuwa na haya nacho. Nilimwambia Mama Monique nitatafuta rangi bora Lubumbashi nirudi.

"Wacha," akasema. "Hapo njo nilichoka nayo. Inafaa ionekane."

Mwisho tukapaka nta, tukafuta kwa kitambaa kikavu, na karavani ikatulia pale uani, maziwa juu na bluu chini. Haikuwa mpya na haikufanana na mpya. Ilionekana kama mtu mzima aliyenawa uso.

Kurudi Dilala

Tuliondoka asubuhi, karavani nyuma ya pikapu, Mama Monique mbele kati yangu na Déo, Gaston nyuma kwenye mizigo. Mama Monique alitaka kupanda ndani ya karavani. Déo alimkatalia kwa heshima zote, akamwambia magurudumu yale ni ya umri wake. Naye mama akasema basi yako imara.

Hayakuwa imara. Katikati ya mchanga gurudumu la kushoto lilianza kulia, rulimenti zake, yaani beringi, zimesagika. Tulisimama kando ya msitu mwembamba, hakuna nyumba. Déo alikuwa na vipuri vya pikapu, na havikuingia. Ndipo wakafika watu wa makala, wanarudi kutoka Kolwezi na baiskeli tupu. Mmoja wao alipanda na Gaston kwenye lori lililopita, wakaenda kutafuta rulimenti Kolwezi, na wengine wakatubakia, ingawa tuliwaambia waende. Walisema njia hii mtu haachwi. Tulichoma viazi vitamu vyao, tukala na karanga za Mama Monique. Alikuwa mchangamfu, aliwauliza kila mmoja alizaliwa wapi na nani alimshika.

Lakini jua lilipoelekea kushuka alianza kuchoka, na akili yake ikaanza kutangatanga. Aliniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia. Baada ya kidogo akaniuliza tena. Gaston aliporudi na rulimenti mkononi, mafuta hadi kwenye viwiko, ikawa yeye anaulizwa.

"Tunaenda wapi, tata?"

"Tunaenda ku Dilala, maman, kwangu."

"Kuko mbali?"

"Hapana. Tunafika."

Nilihesabu moyoni mara alizouliza, kisha nikaacha kuhesabu. Gaston alijibu kila mara kwa sauti ile ile, kama swali limetoka kuzaliwa sasa hivi. Siku ya kwanza nilipomsikia akiongea na mama yake, alikuwa akivuta pumzi kabla ya kila jibu. Pumzi ile sikuisikia tena.

Tuliingia Dilala taa zimewashwa. Béa alikuwa amefagia ua. Tuliegesha karavani pembeni ya bomba, tukamweka mama kitandani katika chumba kilichoandaliwa, tukalala kama mawe.

Asubuhi Déo alikuwa ameshaanza kupasha injini moto, mimi nakunja blanketi zangu dirishani, nilipomwona Mama Monique akitoka nje bila viatu. Alitazama ua. Alitazama nyumba aliyotoka, akatazama geti, mawewa wanapita, watoto wa jirani wanakwenda kuchota maji. Usoni niliona kwamba hajui yuko wapi. Nikataka kukimbia kumshika.

Kisha akaiona karavani. Akaenda, akaweka kiganja kwenye ile bluu karibu na mlango, akakaa kwenye kidato chake cha kupandia. Mabega yakashuka.

Gaston alikuja na kikombe cha chai. Akasimama mbele yake. Mama yake alimtazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

"Tata, unatafuta nani?"

Niliogopa atakavyojibu. Déo alizima injini.

"Nakutafuta weye, mama," Gaston akasema.

Mama akafikiri. Akapokea kikombe, akasogea mpaka bega lake likaegemea fremu ya mlango, akapiga kidato kwa kiganja mahali palipobaki wazi ili naye akae.

"Basi ikala," akamwambia. "Tuko wawili tu, fasi iko."